Cherehani ya Watu

Kila mwaka, wiki ya Pasaka, naifungua cherehani ya watu. Natoa kufuli, nainua kifuniko cha mbao kilichopinda kama mgongo wa pipa, nafuta vumbi kwa kipande cha flaneli, natia tone la mafuta kwenye kila tundu, kisha nalizungusha gurudumu kwa mkono bila uzi mpaka lilegee. Ni Singer ya mkono, nyeusi. Maua yake ya dhahabu yamefutika upande mmoja tu, pale kiganja cha mshonaji kinapopita. Pembeni kuna kisanduku cha bobini, na ndani yake, pamoja na bobini, kuna kitu kingine. Mama alikiona siku ya kwanza akakifunika. Nami nakiona kila Pasaka na kukifunika.

Si yangu. Haikuwa ya mama pia. Imekaa kwetu Ziwani tangu 24 Aprili 1954. Nimeombwa mara nyingi na vijana wa kanisa niwaandikie historia ya ushirika wetu wa Jumanne, na kila nikianza na majina ya wazee na tarehe za mikutano, kalamu inakwama. Basi nianze na cherehani.

Wageni huuliza, na jibu ni kwamba Ziwani hakuna ziwa. Kuna safu za nyumba za mawe, za chini, alizojenga mkoloni kupitia baraza la manispaa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakimiminika Nairobi kutafuta kazi. Upande mmoja tuna Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Upande mwingine Starehe, na ukivuka kidogo, Pumwani. Chumba kilikuwa cha familia moja, lakini familia ilikuwa na shemeji anayetafuta kazi, na binamu aliyeipata ila bado hajalipwa. Bomba na choo vilikuwa vya wote, hivyo siri za mtu hazikukaa wiki.

Baba alitoka Butere, magharibi mwa Kenya, akawa mtunza stoo katika kiwanda kimoja eneo la viwanda. Mama naye alikuwa wa Butere, na alikuwa ameokoka kabla ya kuolewa. Nasema "ameokoka" kwa maana ya wakati ule, si ya sasa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa umeanzia Rwanda na Uganda. Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa Gahini, walikutana Kampala mwaka 1929, wakaomba pamoja, na moto ukashika. Kenya ulifika 1937, Maseno mwaka uliofuata, na kufikia 1949 mkutano wa Kabete ulikuwa wa maelfu. Waliookoka waliitana ndugu. Hawakutoka kanisani wakaanzisha lao: Jumapili waliketi Anglikana kama wengine wote, na katikati ya wiki walikutana nyumbani kwa mtu. Mluhya, Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, wote wakaimba wimbo wa Tukutendereza kwa Kiganda, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nayo.

Kwetu walikutana Jumanne jioni. Kitanda kilisimamishwa ukutani, mabenchi mawili yakaingizwa kutoka nyuma ya nyumba. Nikiwa mtoto nilikaa chini ya benchi, na kwa hiyo watakatifu wa Ziwani niliwajua kwanza kwa visigino vyao. Wimbo, salamu ya "Bwana asifiwe", neno, kisha sehemu iliyowatisha wageni: kutembea nuruni. Mtu anasimama, anasema alichokosa wiki ile, kwa jina lake na kwa kiasi chake. Nimeiba sukari ya mwajiri, kikombe kimoja. Nimemchukia mke wa ndugu yangu. Hakuna anayeshangaa. Wanamwimbia, anaketi, mwingine anasimama.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mmoja wao. Mkikuyu, kwao upande wa Kabete, mshonaji. Jina lake silitaji hapa, na sababu utaiona. Alishonea kibarazani, na kelele ya cherehani yake ndiyo iliyonilaza mchana. Alikuwa amekataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji wa msituni dhidi ya mkoloni, kama walivyokataa ndugu wengi kule Kiambu na Murang'a. Wengi wao walikataa pia bunduki ya serikali, na wako waliouawa kwa msimamo huo. Mtu wa namna hiyo hakuwa na upande wa kumlinda. Msituni walimwita msaliti, na serikali ilimwona Mkikuyu tu.

Jumamosi ile ya 24 Aprili nilikuwa na miaka mitano, na nilichokiona mwenyewe ni kidogo: magari ya jeshi, na wanaume wamechutama mistari mistari mikono kichwani. Mengine niliyajua baadaye. Oparesheni Anvil, msako wa serikali dhidi ya Mau Mau, ilianza alfajiri. Mji mzima ulizingirwa, na mtaa baada ya mtaa wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, gakunia, ambao kutikisa kichwa chao kulitosha. Kutoka hapo ni kambi ya Lang'ata, na kutoka Lang'ata ni kambi za kizuizini za Mackinnon Road au Manyani. Waliozuiliwa walizidi 20,000. Wanawake na watoto wengi walipakiwa malori wakarudishwa rizavu, maeneo yaliyotengewa Waafrika.

Mume wa jirani alikwenda asubuhi. Jirani mwenyewe alikwenda baadaye, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na kitita kichwani. Cherehani haikubebeka. Aliiweka mlangoni kwetu akamwambia mama, "Nitunzie, dada. Nikirudi nitaichukua." Mama akajibu, "Bwana akipenda." Jibu hilo alijilaumu nalo miaka mingi. Alisema lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka ya kufunga mlango.

Sisi hatukuguswa. Tulikuwa Waluhya wa Butere, kadi zetu zilisomeka vizuri. Hili si jambo dogo katika historia ya imani ya mtaa wetu, na wanaosimulia hulipita upesi. Kuna ndugu waliolala Manyani na ndugu waliolala kitandani mwao, na Jumanne iliyofuata waliobaki waliimba. Mama aliniambia kwamba usiku ule benchi la pili halikuingizwa. Hapakuwa na wa kulikalia.

Alianza kuandika. Alikuwa na daftari la shule, mstari katikati: kushoto maombi, kulia majibu. Ombi la kwanza ni jirani arudi salama. Kulia aliandika "bado" kwa penseli, ili likijibiwa afute.

Mwaka uliofuata kulikuwa na furaha ya kanisa. Mei 1955 Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu Kampala Festo Olang' na Obadiah Kariuki, Mluhya mmoja na Mkikuyu mmoja, maaskofu wa kwanza Waafrika wa Anglikana nchini Kenya. Ziara hiyo hiyo Fisher aliweka jiwe la msingi la kanisa la Murang'a la kuwakumbuka ndugu waliouawa, lile ambalo mwaka 1959 Elimo Njau alilichorea kutani Kristo mweusi katika nchi ya Wakikuyu. Baba alifurahi kwa ajili ya Olang' kama aliyepandishwa cheo yeye. Mama alifurahi pia. Daftari halikubadilika.

Sasa cherehani yenyewe. Mwaka 1956 baba alisimamishwa kazi miezi miwili, na ada ya kaka yangu mkubwa ikafika. Mama aliitazama cherehani wiki nzima. Kisha akaifungua, akashona sare za watoto wa mtaa, akalipwa, akalipa ada. Hakuna aliyemuuliza. Jumanne ya tatu alisimama mwenyewe, akashika ukingo wa meza, akasema: "Nimeshona kwa mali ya mtu aliye kifungoni."

Ndipo ukaja ubishi ambao naukumbuka kwa visigino, maana vyote vilikuwa vikisogea. Dada mmoja alisema si wizi, kwani mwenyewe ni dada yetu na angeruhusu. Mwingine akasema hilo ndilo wezi wote husema. Wa tatu akataka cherehani iuzwe na fedha zipelekwe rizavu, lakini kwa nani, na barua zilikuwa zikifunguliwa njiani. Mzee wa ushirika alikuwa Mjaluo, fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Akauliza mama alishona gauni ngapi. Kumi na moja. Akasema: "Chuma kisipofanya kazi kinashika kutu, na kutu ni hasara ya mwenyewe. Shona, dada. Lakini kila gauni, yeye apate sumuni yake."

Basi kukawa na mkebe wa sumuni. Mama alianza kwa kudaiwa shilingi tano na nusu, akazilipa kidogo kidogo mpaka Krismasi. Ukurasa wa nyuma wa daftari ukawa hesabu: tarehe, gauni, sumuni. Mwandiko ni uleule wa maombi, na ukilifungua daftari kinyume huwezi kujua mara moja uko upande gani. Biblia waliyosomea Jumanne ilikuwa ya Union, iliyotoka 1952, mwaka uleule serikali ilipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, na katika nyaraka za Paulo kwa Timotheo mama alilipigia mstari neno "amana" kila lilipotokea. Hakuwa msomi wa lugha. Lakini aliwahi kuniuliza kama imani na amana ni ndugu, na nilipokwenda kusomea ualimu nikajua kwamba ndiyo, mzizi ni mmoja, wa Kiarabu.

Novemba 1959 Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walifungua kituo cha Starehe hapo jirani, vibanda viwili vya mabati, kwa ajili ya wavulana ambao Hali ya Hatari iliwaacha barabarani. Mama alikwenda kutazama kama mtoto wa jirani, yule aliyeshikwa mkono, yumo. Alirudi akasema wote walifanana naye. Januari 1960 Hali ya Hatari ikaondolewa, na waliokuwa kizuizini wakaendelea kurudi, wembamba, wakitafuta vyumba vilivyokwisha kupata wenyewe wengine. Mwaka 1961 mama alipanda basi hadi Kabete kuuliza. Watu wa huko walimpokea kwa chai, wakamwambia familia ile ilihamishiwa kijiji cha serikali kilichozungushiwa mitaro, kisha haikujulikana. Akarudi. Bado.

Sarafu za mkebe ule nazo zilikuja kupitwa na wakati. Shilingi ya Kenya ilitoka 1966, na ile ya Afrika Mashariki ikaendelea kupokelewa miaka michache tu. Mama alibeba mkebe wote Posta, akahesabiwa mbele ya foleni iliyokasirika, akafungua kitabu cha akiba.

Kitabu hicho ndicho kilichomwangusha. Mwaka 1971 kaka yangu mdogo, wa miaka kumi na sita, aliugua homa isiyoshuka. Ushirika ulifunga siku tatu. Mzee wa reli alilala sakafuni kwetu usiku mbili akiomba. Mama alitoa fedha zote za sumuni, gauni za miaka kumi na tano, akanunua dawa. Kaka alikufa Alhamisi. Tulimsafirisha Butere kwa basi la ndugu mmoja ambaye hakutaka malipo.

Na wakati huo ndipo upepo mwingine ulipovuma. Uamsho ulikuwa umeshagombana kabla: mwaka 1957 kasisi Matthew Ajuoga alitoka Anglikana kule Nyanza na kuanzisha Church of Christ in Africa, wafuasi wake wakiitwa Johera, watu wa upendo. Ugomvi wake ulikuwa na sisi ndugu, tuliojiona tumeoshwa kuliko wengine. Sehemu ya haki iko kwake, nasema hivyo nikiwa mtoto wa ndugu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likatoka Uganda kundi la Okuzukuka, na kwetu likaitwa Kufufuka. Walisema moto umepoa, na ishara mojawapo ya kupoa ni madeni: aliyeokoka asidaiwe. Sijui kama waliolihubiri hilo waliwahi kuishi mtaa wa nyumba za kupanga. Ziwani hapakuwa na aliyemaliza mwezi bila daftari la dukani.

Dada mmoja wa Kufufuka alikuja matangani. Aliketi karibu na mama, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba mtoto ameondoka kwa sababu nyumba ina deni la mtu asiyekuwepo. Nilikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Mama hakujibu. Alitoa mkono wake taratibu kama unavyoutoa kwa mtoto aliyelala, akaenda kuteka maji.

Hakuhudhuria ushirika miezi saba. Hakuacha kanisa, alikwenda Jumapili, akaketi nyuma, akatoka kabla ya mwisho. Lakini Jumanne alifunga mlango. Mabenchi yalihamia nyumba nyingine, na ushirika wenyewe ukapasuka, hawa wa Kufufuka wakaenda kivyao na sehemu ya nyimbo. Siku hizi nasikia mahubiri mengi juu ya imani wakati wa shida, na karibu yote yana mwisho mmoja: aliamini, akapata. Mhubiri wa namna hiyo ningemweka kwenye kibaraza chetu mwaka ule wa 1971 nisikie angeanzaje.

Waliobaki walifanya jambo ambalo hawakulipangia. Mzee wa reli, akitoka kazini Jumanne, alipitia kwetu, akaketi kwenye ngazi ya nje bila kubisha, akavua kofia, akakaa kama robo saa, akaondoka. Hakuimba. Hakuomba kwa sauti. Wiki nyingine alikuja na mkewe. Mwezi wa nne walikuwa sita pale ngazini, watu wakipita na ndoo wakiwaruka. Mwezi wa saba mama alifungua mlango akasema: "Sijapona. Lakini nimechoka kuwasikia mkikohoa." Wakaingia. Jioni ile alitembea nuruni kwa mara nyingine: "Nimekula amana, na Mungu hakunipa nilichoinunulia." Sehemu ya pili si toba, nilidhani mzee angemrekebisha. Akasema, "Tumesikia, dada," wakamwimbia kama wanavyomwimbia aliyetubu.

Sumuni zilianza upya wiki ileile.

Yaliyofuata nitayapita haraka, si kwa kuwa yalikuwa mepesi. Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi na uporaji wa madukani, dada mmoja alisimama akitetemeka akaungama viatu sita, vyote vya mguu wa kushoto, maana madirisha ya maduka hayaweki jozi. Hata mama alicheka mpaka akafuta machozi. Miaka ya 1990 bei zilipaa, watu wengi wakapunguzwa kazi, na sumuni ikawa haiwezi kununua hata kiberiti. Mama akaipandisha ikawa shilingi tano. Kwenye viwanja vya karibu yakaanza makanisa ya kuahidi utajiri. Wengi wetu walikwenda, na siwalaumu, kwani mtu aliyefungiwa maji atakunywa anapopata. Wachache walirudi, wamekonda mfuko, na hawakuulizwa walikuwa wapi.

Januari 2008, katika mapigano ya kikabila yaliyofuata uchaguzi, hatukukutana Jumanne nne. Tulikuwa na dada Mkikuyu na dada Mjaluo waliokaa benchi moja miaka kumi na tisa, na wakati ule hakuna aliyemjulia mwenzake hali. Mapatano ya amani ya Annan yalitiwa saini tarehe 28 Februari, lakini wao walikuwa wamekwisha kurudi wiki mbili kabla, kila mmoja akijua mwenzake hatakuja. Waliketi. Mtu akaanzisha Tukutendereza, ikafia njiani. Mama, karibu miaka themanini na moja, akaniambia nilete cherehani. Akaifungua mezani, akawasimulia Jumamosi ya 1954 toka mwanzo, pamoja na "Bwana akipenda" yake na mlango alioufunga. Kisha tukanywa chai. Hawakukumbatiana. Mmoja alimpa mwenzake sukari.

Mama alifariki 2011. Daftari ni langu sasa, na ukurasa wa kwanza penseli imefifia, nami sijaikolezea. Jumanne zetu ni za watu wanne au watano, wengi wazee, na mtaa wenyewe unasemwa kila mwaka kwamba utabomolewa kujengwa maghorofa. Sokoni Gikomba wameniambia cherehani kama ile siku hizi hupimwa kwa kilo, kama chuma chakavu. Fedha za sumuni ziko benki, na hesabu yake ipo, gauni kwa gauni, pamoja na zile za 1971 ambazo mama alizirudisha zote kabla ya kufa.

Kwa hiyo, msomaji, kama bibi yako alikuwa mshonaji, akaokoka, akakaa Ziwani na mumewe mpaka Aprili 1954, na kama aliwahi kutaja cherehani aliyoiacha kwa Mluhya wa mlango wa pili, njoo Jumanne saa kumi na moja jioni. Uliza penye mabenchi, utaonyeshwa. Taja jina lake, kisha uniambie ni kitu gani alichoweka ndani ya kisanduku cha bobini. Hatujakitoa.